Wanafunzi Wamekataa Kusumbuliwa

Jikoni, jengo la nyuma,
karibu na tangi la maji.
Alhamisi, baada ya kuosha vyombo.

Kwako Mwalimu Mkuu unayeheshimika,

YAH: WANAFUNZI WA TIMU YA UPINDE KUKATAA KUSUMBULIWA

Nakusalimu kwa unyenyekevu wote unaoweza kupatikana kwa mtu aliyesimama mbele ya moto tangu alfajiri. Natumaini u mzima na kwamba kile kiti kipya hakikuumizi tena mgongo. Mimi mwili wangu mzima. Kinachoumwa ni heshima yangu, na ndiyo iliyonipeleka kwa karani wako kuomba karatasi tano. Amenipa mbili. Kwa hiyo nitaandika mbele na nyuma, na kwa herufi ndogo, na ukishindwa kusoma mahali niite nije nikusomee.

Unanifahamu, lakini kwa kuwa huenda malalamiko haya yakafika kwenye bodi ya shule, nijieleze. Mimi ndiye mpishi mkuu wa shule hii, mwaka wa kumi na tisa sasa. Wanafunzi wananiita Redio. Hawaniiti hivyo usoni, ila kusikia nasikia. Kengele ya shule ilipovunjika, muhula mzima kengele nilikuwa mimi. Nilisimama mlangoni pa jiko nikatamka "Kipindi!" mara nane kwa siku, na hakuna mwalimu aliyechelewa darasani, ukiwemo wewe mwenyewe. Nalitaja hilo si kwa majigambo. Nataka bodi ielewe kwamba sauti yangu ni mali ya shule, na mali ya shule ikiharibiwa lazima mtu aulizwe.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe.

Muhula uliopita timu yetu ya upinde ilikwenda kwenye mashindano ya shule ikarudi ya mwisho kabisa. Mpigaji wetu wa mwisho alikuwa binti wa kaka yangu, ambaye naishi naye tangu akiwa darasa la pili kwa sababu baba yake anafanya kazi mbali. Ni mtoto mwenye jicho. Mazoezini alikuwa anapiga duara la njano la katikati mpaka mishale inakosa nafasi. Siku ile alivuta upinde, akalenga, akashusha. Akavuta tena, akashusha tena. Mpigaji hupewa dakika mbili kwa mishale mitatu, na dakika mbili zikaisha mishale yote mitatu ikiwa bado haijaachiwa. Tangu hapo vidole vikakataa kuachia kamba. Akiiona njano tu, mkono unaganda. Mimi nilisema ni kwa sababu hakumaliza chai yake asubuhi. Daktari wa zahanati akasema ni uchovu. Ndipo wewe, kwa nia njema kabisa, ukatuletea mwalimu wa akili.

Nasema mwalimu wa akili kwa kuwa ndivyo ulivyomtambulisha paredi: mtaalamu wa kuwafundisha wanamichezo wa shabaha kuzitawala akili zao. Kabla hajashuka jukwaani wanafunzi walikuwa wameshampa jina la Mwalimu Pumzi. Ni kijana mwembamba, anavaa raba nyeupe, anaongea kama mtu aliye karibu na mtoto aliyelala. Filimbi hana. Nimeona walimu wengi wa michezo wakija na kuondoka, lakini asiye na filimbi sijapata kumwona, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka.

Siku ya tatu alikuja jikoni. Alinikuta nagombana na muuza kuni, akasubiri mpaka nikamaliza, yaani alisubiri sana. Halafu akaniambia kwamba hajawahi kusikia sauti ya namna ile. Akaeleza kwamba mtoto anayeweza kuachia mshale huku anasumbuliwa ataweza kuuachia popote, kwa hiyo anahitaji mtu wa kusimama hatua tatu nyuma ya mstari wa kupigia, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja jioni, awasumbue. Nikamuuliza niwasumbue vipi. Akasema, "Vilevile unavyofanya siku zote, mama. Usibadilishe kitu."

Nilijiona nimempata mtu anayejua kipaji. Kumbe nilikuwa navikwa kilemba cha ukoka, na nimekivaa wiki sita kichwani, mbele za watu. Malalamiko yangu ni haya.

1. Wanafunzi hawasumbuki tena.

Wiki ya kwanza kazi ilikwenda vizuri mno. Niliiandaa kama ninavyoandaa chakula cha kikao cha wazazi, kila mtu na chake. Nahodha wa timu, ambaye anapenda kupendeza, nilimwambia kwamba suruali imefumuka nyuma. Yule mvulana ambaye wenzake wanamwita Masikio, na mwenyewe anaitikia, udhaifu wake ni tumbo, basi yeye nikamtangazia kwamba nyama ya leo imekwisha. Mshale wake ukaruka uzio na kuingia shamba tupu. Siku hiyo mishale sita ilipotea, na wa saba ukatoboa bango lako la NIDHAMU KWANZA, katikati ya herufi D. Mwalimu Pumzi alinishukuru sana. Binti wa kaka yangu yeye hakupiga hata mmoja, alisimama tu upinde ukiwa chini, na mimi hata sikuwa nimemfikia.

Wiki ya tatu mambo yakabadilika. Anawafundisha kuvuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita. Ukiwatazama kwa nyuma unaona mabega yanashuka, moja, mbili, wote pamoja, na mabega yakishashuka huna lako. Nilipandisha sauti. Nilipiga mifuniko ya masufuria. Nilimleta msaidizi wangu na pipa tupu. Nahodha nikamwambia suruali imefumuka, na mheshimiwa, siku hiyo ilikuwa imefumuka kweli, akapiga njano na suruali yake vilevile. Masikio nikamwambia nyama imekwisha, akatoa pumzi, akaachia, njano, halafu akageuka akaniambia, "Asante mama, ya leo ilikuwa nzuri."

Asante! Miaka kumi na tisa nimenuniwa, nimekonyezwa, nimechorwa ukutani chooni nikiwa na mdomo wa mamba, na yote nikavumilia kwa sababu nilijua ninachosema kinafika. Sijawahi kushukuriwa. Nilirudi jikoni nikakaa kwenye gunia la mchele, na msaidizi wangu akadhani nimepata habari ya msiba.

2. Mafunzo haya yamevuka mipaka ya uwanja na kuingia kwenye foleni ya chakula.

Wewe unajua utaratibu wangu. Mtoto akirudi na sahani mara ya pili, namwambia maneno mawili matatu kuhusu tumbo lake na ukoo wake, anaondoka. Utaratibu huo umelisha shule hii bila upungufu tangu enzi za mwalimu mkuu aliyekutangulia. Sasa wanarudi wapigaji upinde. Wanakuja, wanaweka miguu sambamba na mabega, wanatoa pumzi, wananitazama katikati ya uso na kusema, "Nimekusikia, mama," na sahani bado imenyooshwa. Haitikisiki. Mimi nafanya nini na sahani isiyotikisika? Nikapakua.

Nimewapakulia mara mbili watu kumi na mmoja. Utakumbuka ile Jumatano walimu walipokula mkate mkavu na wewe ukaja mwenyewe kuuliza maharage yamekwenda wapi, nami nikakueleza kuhusu panya. Naomba radhi. Hawakuwa panya.

3. Wanapiga mishale wakiwa wamelala.

Kila Jumanne na Alhamisi, saa ile ile ninayopiga deki ukumbi wa chakula, Mwalimu Pumzi anawalaza chini macho wakiwa wamefumba. Anasema wanapiga mishale akilini. Wanauona upinde, wanaisikia kamba shavuni, wanauona mshale ukienda. Hakuna anayekoroma, hilo nalikiri. Lakini mimi napiga deki kwa kuzunguka vichwa kumi na sita, na siku moja nilipomwagia maji kidogo kichwa kimoja, kikasema bila kufumbua macho kwamba mvua uwanjani ni jambo la kawaida.

Ugonjwa huu umehamia nyumbani kwangu. Juzi nilimkuta binti yetu amelala mkekani vyombo vikimngoja. Nikamuuliza anafanya nini, akasema anapiga mishale. Nikamuuliza kwa hasira amepata mingapi. Akasema tisa kati ya kumi. Nikauliza huo wa kumi uko wapi, kwa sababu mimi ni mtu wa kufuatilia. Akasema ameshauacha.

Kwani wanafundishwa kuacha. Mshale ukishatoka umetoka, mpigaji anapangusa kiganja pajani, anageuza uso, anaanza upya. Mishale na iachwe, hiyo ni mali ya shule. Lakini wiki iliyopita alivunja sahani yangu ya mzunguko wa buluu, niliyopewa siku ya harusi yangu, sahani ya mwisho kati ya sita. Akanitazama, akasema, "Samahani sana shangazi, nimekosea." Kisha akapangusa kiganja pajani, akachukua ufagio. Nilikuwa nimeandaa maneno ya nusu saa. Nilifika dakika ya nne nikaona nazungumza na mtu ambaye ameshafagia, ameshaomba radhi, na hana hata chozi la kunipa. Sahani ile nimeililia peke yangu.

4. Mume wangu ameambukizwa.

Mume wangu ni fundi saa. Siku hizi mkono unamtetemeka kwenye zile skrubu ndogo, na bila kunitaarifu akamwomba mtoto amfundishe hiyo pumzi. Mkono umetulia, sikatai, na wateja wamerudi. Lakini hakuishia kwenye saa. Amebandika karatasi ya njano, duara, ukutani juu ya kabati la vyombo. Nikianza habari ya paa linalovuja, anaitazama karatasi. Nne ndani, sita nje. Nikimaliza anasema, "Ni kweli, mke wangu." Tumeoana miaka thelathini, hajawahi kuniambia kwamba ni kweli, na sasa ananiambia mara tano kwa siku, na paa bado linavuja.

Hii ni wiki ya tatu hatujagombana. Jirani yetu mshonaji alibisha hodi akiwa na uji wa mgonjwa kwenye chupa. Alidhani nimepooza.

5. Hili nimelifuta. Mume wangu amelisoma na amesema si kweli, na kwa kuwa alisema kwa utulivu nimeshindwa kubishana naye.

6. Daftari.

Hili ndilo lililonifanya niandike. Kabla ya kuliandika nimemrudia karani, akanipa karatasi ya tatu baada ya kunitazama usoni.

Siku zake za kwanza, kabla hajaja jikoni, Mwalimu Pumzi alimwambia kila mpigaji aandike kwenye daftari sauti anayoisikia kichwani wakati anapotaka kuachia mshale. Wiki iliyopita madaftari yaliachwa mezani ukumbini. Niliyafungua ili nipanguse meza vizuri. Nahodha ameandika kwamba anasikia watu wanacheka. Masikio ameandika ukurasa mzima, karibu wote ni tumbo lake. Binti wa kaka yangu ameandika neno moja: "Shangazi." Na chini yake, kwa kalamu nyekundu ya Mwalimu Pumzi: "Ndiyo maana tutamwita."

Nitakuwa mkweli. Siku mbili nilitembea kichwa juu. Nilimwambia muuza mayai, nikamwambia mshonaji, nikampigia simu kaka yangu kumweleza kwamba mtoto wake akishika upinde ananifikiria mimi. Kaka yangu akasema hongera. Siku ya tatu nilikuwa nakoroga maharage, na mwiko ukanisimama mkononi.

Nilikumbuka siku ya yale mashindano. Mimi nilikuwepo. Nilisimama nyuma ya kamba ya watazamaji, karibu kabisa, kwa sababu nilitaka anione. Alipovuta upinde mara ya kwanza nilimwambia neno moja tu, kwa sauti ninayoijua mimi na unayoijua wewe. Nilimwambia, "Usiniaibishe!"

Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa naogopa kuliko yeye. Watu wote pale walijua mimi ni nani wake, na mimi mtoto sikuzaa, na huyu ndiye niliye naye. Lakini neno lilitoka, na nadhani mpaka leo halijafika chini.

Kwa hiyo sikuitwa kwa ajili ya kipaji. Niliitwa kama dawa chungu inavyoitwa, kijiko kimoja kila jioni, mpaka mgonjwa aizoee. Wiki sita nimesimama nyuma ya mtoto huyu nikisema yote ninayojua kusema, na kila siku yeye anajifunza kuniacha nipite. Wiki ya nne aliachia mshale akiwa amefumba macho, kwenye majani matupu yasiyo na duara. Wiki ya tano akaachia macho yakiwa wazi. Jumanne hii aliachia mishale mitatu mfululizo mimi nikiwa katikati ya sentensi, na yote ikakaa njano. Wenzake walimbeba. Mimi nilifurahi na nikachukia, vyote kwa pamoja, na sikujua ni kipi nianze nacho, nikaenda kuangalia kama maji yamechemka.

Mheshimiwa, naomba unielewe vizuri hapa hata kama kwingine kote nimekuchekesha. Mtoto huyu akifaulu kutonisikia kwenye mashindano ya Jumamosi hii, atakuwa amejifunza. Na kitu akishajifunza mtoto yule hasahau. Basi nani atamwambia avuke barabara kwa uangalifu? Nani atamwambia kwamba huyo rafiki hafai, kwamba homa hiyo si ya kulala nayo, kwamba arudi nyumbani? Mimi sina kitu kingine cha kumpa. Sikusoma sana. Nina sauti, ndiyo nimemlea nayo, na shule yako inamfundisha kuifanya kama gari linalopita barabarani.

Kwa sababu hizo, kwa heshima na taadhima, naomba yafuatayo:

(a) Mafunzo ya akili yasimamishwe mara moja, na wanafunzi warudishiwe wasiwasi wao waliokuja nao.

(b) Mwalimu Pumzi apewe filimbi na alazimishwe kuipuliza.

(c) Nipewe barua yenye muhuri ikithibitisha kwamba wiki ya kwanza niliwasumbua wote, ili huko mbele mtu asije akasema nilishindwa kazi.

(d) Kila mwanafunzi wa upinde aje jikoni, mmoja mmoja, akasirike kidogo mbele yangu. Hata dakika moja inatosha.

(e) Jina la binti wa kaka yangu liondolewe kwenye orodha ya Jumamosi. Najua ndiye mpigaji wenu bora. Najua amefanya mazoezi mpaka vidole vimeota sugu. Sababu uwaambie wanafunzi ni ya kiofisi.

Najua orodha inafungwa kesho saa sita mchana, kwa hiyo nitaileta barua hii mwenyewe mapema, kabla ya chai ya walimu.

Nimalizie kwa kukutakia afya, subira na mgongo usiouma. Msalimie mama watoto wako na umwambie lile sufuria aliloazima halina haraka ila siku saba zimepita. Salamu kwa mhasibu, kwa mlinzi wa geti, kwa walimu wote na hasa wale wanaosema ahsante baada ya kula, ambao ni wawili. Karani msalimie pia, pamoja na ubahili wake wa karatasi. Mwalimu Pumzi mfikishie salamu za kawaida tu, zisizidi.

Wako mtiifu, ninayesema bila kuchoka,

Mpishi Mkuu,
ambaye pia ni Msumbufu wa Timu ya Upinde (mpaka hapo utakapoamua).

N.B. Jumapili.

Barua hii niliileta Ijumaa kama nilivyoahidi, nikakuta umekwenda kikaoni na mlango umefungwa. Orodha ikafungwa na jina lake likiwemo. Kwa hiyo Jumamosi nilikwenda, barua ikiwa mfukoni mwa aproni.

Mwalimu Pumzi alinisimamisha nyuma ya kamba, hatua tatu, kama mazoezini. Lakini mwamuzi akatangaza kwa kipaza sauti kwamba atakayepiga kelele atatolewa nje. Na mimi nilikuwa nimeshaamua tangu Ijumaa usiku, niliposoma tena ile namba sita, kwamba sitasema kitu. Nilitaka siku moja katika maisha yake mtoto huyu asimame bila mimi kisogoni. Uwanja wote ulinyamaza. Sijawahi kusikia kimya kirefu namna ile, na mimi nikiwa ndani yake.

Akaja mpigaji wetu wa mwisho. Akavuta, akashusha. Akavuta, akashusha. Dakika nzima ikakatika. Nilimwona mkono umeganda vilevile kama siku ile, na safari hii sikuwa nimesema lolote, na nilitamani ardhi inimeze. Halafu akafanya kitu ambacho mpigaji hafanyi. Aligeuka nyuma, akanitafuta kwa macho katikati ya watu, akasema mbele ya mwamuzi na shule zote:

"Shangazi, mbona umenyamaza?"

Basi nikasema. Sikupanga, nilisema kilichokuja. Nilisema nguo ziko kwenye kamba na wingu linakuja. Nilisema ameacha sweta juu ya kiti, na nimelibeba mimi kama kawaida. Nilisema baba yake amepiga simu mara mbili. Nilisema msaidizi wangu nimemwachia maharage na bila shaka sasa hivi yanaungua. Alikuwa ameshageukia mbele. Mwamuzi alikuja mbio, wasimamizi wawili wakanishika mikono, na mimi nikasema njia nzima mpaka nje ya geti, na nje ya geti nikaendelea, kwa sauti ile ya kengele, mpaka nikasikia watu wanapiga makofi. Kwa hiyo mishale yenyewe sikuiona. Nimeambiwa ilikuwa njano, nyekundu, njano. Tumekuwa wa tatu, lakini hayo unayajua.

Mwamuzi atakuandikia barua kunihusu. Amesema ina vipengele vinne. Naomba uipokee, na hii yangu uihesabu kuwa haikuandikwa kuanzia lalamiko la kwanza mpaka ombi (e). Ningeichana, ila karani anazihesabu karatasi zake.

Njiani kurudi nyumbani nilimuuliza mtoto katika yote yale niliyosema ni lipi lililomsaidia, maana nilitaka nilikariri kwa ajili ya mashindano yajayo. Akafikiri sana. Akasema hakushika hata neno moja, alisikia tu kwamba nipo. Jumatatu saa kumi nitakuwa uwanjani kama kawaida.